Fiji, Samoa au Rarotonga? Kuchagua kisiwa cha Pasifiki kwa likizo ya marafiki

Marafiki wakishakubaliana kusafiri pamoja, grupu la WhatsApp hujaa picha wiki nzima, kisha hunyamaza pale mtu anapouliza: "Sasa tunakwenda kisiwa kipi?" Picha hazisaidii, maana Pasifiki yote inapiga picha moja: mchanga mweupe, mnazi ulioinama, maji ya feruzi. Na kwa aliyezoea Nungwi au Diani, mnazi ulioinama peke yake si sababu ya kuvuka nusu ya dunia. Kinachotofautisha visiwa hivi kwa kundi la watu sita au wanane ni mambo yasiyoonekana kwenye picha: mtalala vipi, pesa zitatoka mfukoni mwa nani na lini, na yule aliyechoshwa na wenzake atakwenda wapi kwa saa mbili bila kuzua kesi.

Nimechukua vitatu. Fiji, hasa safu za visiwa vidogo vya Mamanuca na Yasawa. Samoa, yaani Upolu na Savai'i. Na Rarotonga, kisiwa kikuu cha Visiwa vya Cook. Bora Bora nimeiacha makusudi. Uzuri haikukosa, lakini bei zake zimepangwa kwa maharusi, wawili wawili, na Polinesia ya Ufaransa, ambako kisiwa hicho kipo, inataka viza inayoitaja kwa jina. Ile ya Schengen ya kawaida haitoshi. Kama kundi lenu ni la wazungumzaji wa Kifaransa, wa Bukavu, Bujumbura au Brussels, basi itazameni Moorea, iliyo karibu na Tahiti kwa feri na yenye nyumba za kupanga zenye jiko. Hiyo ni makala nyingine.

Nitavipima kwa vigezo gani

Kwa safari ya kufika na viza, mahali pa kulala, pesa, usafiri wa kuzunguka, bahari, chakula, na desturi za wenyeji. Katika kila kigezo nimejiuliza swali lilelile: kisiwa hiki kinawaruhusu kukaa pamoja na pia kuachana kidogo? Kubanana mahali pamoja usiku na mchana ni raha kwa kundi moja na ugomvi kwa jingine, na ninyi ndio mnaojijua.

Machache ni sawa kote. Miezi mikavu ni Mei hadi Oktoba. Novemba hadi Aprili ni msimu wa vimbunga, na si jambo la kwenye karatasi tu: Februari 2016 kimbunga Winston kiliua watu 44 Fiji. Kwa hiyo Desemba, ambayo ndiyo likizo ya wengi wetu, ni mwezi wa joto, mvua na kubahatisha. Tena ndipo shule za Australia na Nyuzilandi zinapofungwa na ndege kujaa. Malaria hakuna katika nchi hizi tatu, lakini dengi ipo, na mbu wake huuma mchana. Anayetoka Afrika Mashariki abebe cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Fiji na Samoa hukidai kwa wanaotoka nchi zenye ugonjwa huo.

Kufika na viza

Kutoka Nairobi au Dar hakuna ndege ya moja kwa moja, na mara nyingi viza inayosumbua ni ya mahali mnapobadilishia ndege.

Fiji ina milango mingi zaidi. Uwanja wa Nadi hupokea ndege kutoka Sydney, Auckland na Los Angeles, na pia kutoka Singapore na Hong Kong. Njia hizo mbili za Asia zishikeni vizuri, kwa sababu mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania akipitia Australia au Nyuzilandi anatakiwa kuwa na viza ya kupita hata kama hatoki nje ya uwanja. Kwenye orodha ya Fiji, raia wa Kenya na Tanzania wamo miongoni mwa wasiohitaji kuomba viza mapema. Orodha hubadilika, thibitisheni kabla ya kulipa tiketi.

Samoa humpa mgeni kibali akishatua. Ndege zake nyingi ni za Auckland, lakini ipo njia ya Nadi hadi Apia, mji mkuu wa Samoa, na hiyo huwaokoa wenye pasipoti zetu.

Rarotonga pia si wakali mlangoni: mgeni mwenye tiketi ya kurudi hupewa siku 31. Shida ni kwamba njia yake kuu ni Auckland, kwa hiyo mtakayemwomba viza ni Nyuzilandi. Kwa kundi linaloishi Auckland kwenyewe hesabu inageuka kabisa. Ni ndege ya takriban saa nne, na sarafu ni ileile.

Rarotonga iko upande wa pili wa mstari wa tarehe. Mkiondoka Auckland Ijumaa asubuhi, mnatua Alhamisi. Samoa nayo ilikuwa upande huo hadi mwisho wa 2011, ilipoamua kuiruka siku nzima, tarehe 30 Desemba, ili siku zake za kazi zilingane na za Australia na Nyuzilandi. Anayeweka nafasi za malazi akaguliwe na mtu wa pili, la sivyo mtalipia usiku ambao hampo na kukosa kitanda usiku mliopo.

Mahali pa kulala

Hapa ndipo visiwa vinapoachana kabisa.

Samoa ina fale za ufukweni. Fale ni jukwaa la mbao lenye nguzo na paa, basi. Kuta hazipo. Juu ya jukwaa mnatandikiwa magodoro na kufungiwa vyandarua, na pembeni kuna mapazia ya makuti yaliyosukwa, yanayoteremshwa kwa kamba mvua ikianza kupiga kwa upande. Funguo hakuna kwa sababu mlango hakuna. Ukifumbua macho alfajiri, bahari iko hatua chache kutoka miguuni pako. Anayekoroma husikika fale ya tatu, na mazungumzo ya saa sita usiku ni ya ufukwe mzima. Lalomanu, kusini mashariki mwa Upolu, ndiyo maarufu zaidi kwa malazi haya; tsunami ya tarehe 29 Septemba 2009 iliufagia ufukwe huo na kuua watu, na familia zenye ardhi zikajenga upya. Kwa marafiki waliosoma bweni pamoja, sijui malazi yanayokaribia haya. Kwa mtu anayehitaji kufunga mlango ndipo apumue, ni mtihani, ingawa sehemu nyingine zina fale zenye kuta na kufuli kwa bei ya juu.

Fiji, upande wa Yasawa, hoteli ndogo za ufukweni huchanganya mabweni ya vitanda vya pamoja na vibanda vya watu wawili. Hii ni nafuu kubwa kwa kundi lenye mifuko isiyolingana: mmoja analala bwenini, wachumba wanachukua kibanda chao, na jioni wote wako meza moja. Dosari yake ni kwamba boti ikishaondoka, hapo mlipo ndipo mlipo hadi kesho. Kijiji cha pili, duka la pili, mgahawa wa pili, mara nyingi havipo.

Rarotonga mnapanga nyumba nzima. Vyumba vina milango, jiko lina friji, baraza linatazama bahari. Ghorofa ndefu hutaziona. Majengo hayazidi urefu wa mnazi. Kwa watu wazima wanaopendana lakini hawataki kushea bafu na watu wanane, hapa mambo ni shwari.

Pesa

Sitataja bei, zinabadilika kila msimu. Kinachojalisha ni jinsi pesa zinavyotoka.

Fiji huvuta kidogo kidogo. Kitanda cha bwenini Yasawa kinaonekana rahisi mtandaoni, kisha unakuta chakula cha siku nzima ni cha lazima na kinalipiwa kando, boti inalipiwa kando, na safari za mbizi nazo kando. Mweka hazina wa kundi ajumlishe yote hayo kabla ya kutangaza bajeti. Pesa taslimu zitoeni Nadi. Visiwani msitegemee ATM.

Samoa kwa kawaida ndiyo inayoumiza kidogo kuliko vyote mkishafika. Bei ya fale mara nyingi ina kifungua kinywa na chakula cha jioni ndani yake. Ila wekeni tala, fedha ya Samoa, za noti ndogo. Ufukwe, maporomoko, pango, kila kitu kiko kwenye ardhi ya familia au kijiji, na wenyewe hutoza kiingilio. Si utapeli, ni utaratibu, lakini mwenye noti kubwa atasumbuka kupata chenji.

Rarotonga vitu vya dukani ni ghali kwa sababu vingi huja kwa meli kutoka Nyuzilandi, lakini nyumba ikigawanywa kwa watu wanane fungu la kila mmoja hushuka sana, na mkipika wenyewe hushuka tena. Fedha ni dola ya Nyuzilandi, pamoja na sarafu za kisiwa zenyewe, ikiwemo ya dola mbili yenye pembe tatu na noti ya dola tatu. Zitumieni zote kabla ya kuondoka. Nje ya kisiwa ni kumbukumbu tu.

Kuzunguka

Rarotonga inashinda kwa urahisi, na sioni wa kubisha. Barabara ya pembeni inakizunguka kisiwa kizima kwa kilomita 32. Mabasi ni ya aina mbili: yanayozunguka kufuata mshale wa saa na yanayozunguka kinyume chake. Ukikosea basi, bado utafika, umechelewa tu. Wengi hukodi pikipiki ndogo, na hapo wale walioapa kwamba pikipiki wanaiweza hujulikana. Kama leseni yako haina daraja la pikipiki, uliza masharti mapema. Faida kwa kundi ni hii: kila mtu anaweza kwenda kivyake asubuhi na mkakutana jioni.

Fiji mnazunguka kwa bahari. Boti ya kasi, ya aina ile ya Dar na Unguja, huondoka bandari ya Denarau asubuhi na kupanda kaskazini ikishusha na kupakia abiria kisiwa kwa kisiwa. Hadi mwisho wa Yasawa ni karibu saa tano. Haifungi gati. Husimama katikati ya maji, na viboti vya hoteli huja ubavuni kuchukua watu na mabegi. Beba begi laini unaloweza kulirusha. Kuhama kisiwa baada ya usiku mbili tatu ndiyo ladha yenyewe ya Yasawa, lakini kundi lote linahama pamoja. Anayechelewa kuamka hamsubiri yeye, mnasubiri boti ya kesho.

Samoa inataka gari. Wanaendesha kushoto kama sisi, tangu tarehe 7 Septemba 2009 walipohama kutoka kulia. Mgeni hukata leseni ya muda. Feri ya Mulifanua hadi Salelologa huwavusha Savai'i kwa saa moja na ushei, gari likiwa ndani. Mabasi yapo, ya mbao na rangi kali na muziki juu, na yakijaa watu hupakatana. Pandeni moja kwa starehe yake, lakini msiyategemee kwa ratiba, na Jumapili msiyatafute.

Baharini na nchi kavu

Mzamiaji wa kundi atapiga kura ya Fiji. Kati ya Mei na Oktoba samaki wakubwa wa jamii ya taa, aina ya manta, hupita kwenye mkondo karibu na kisiwa cha Drawaqa, na unaogelea nao kwa miwani na bomba la kupumulia tu, bila mtungi. Kaskazini zaidi kuna mapango ya chokaa ya Sawa-i-Lau, ambako chumba cha ndani unakiingia kwa kupiga mbizi fupi chini ya mwamba gizani. Wapo watakaobaki chumba cha nje wakishika mabegi, na si aibu. Wenye mtungi wana mwamba wa matumbawe wa Rainbow Reef karibu na kisiwa cha Taveuni, na papa wa kisiwa cha Beqa.

Rarotonga ni rafiki wa asiyejua kuogelea. Mwamba wa matumbawe umekizunguka kisiwa na kufunga maji tulivu, sehemu nyingine kiunoni tu, hasa Muri, ambako mnaweza kupiga kasia hadi visiwa vidogo vilivyo mbele. Tahadhari ni kwenye milango ya mwamba: maji yote yaliyoingia juu ya matumbawe hutokea hapo, na mkondo humchukua hata hodari. Ulizeni wenyeji kabla ya kuogelea karibu na mlango wowote. Kwa wenye miguu kuna njia ya kukata kisiwa katikati, kupitia chini ya jiwe la Te Rua Manga lenye urefu wa mita 413 kutoka usawa wa bahari. Julai hadi Oktoba nyangumi huonekana ukiwa umekaa barazani. Na kuna Aitutaki, karibu dakika 50 kwa ndege. Mandhari yake huwafanya watu wasahau Rarotonga, lakini nauli yake ndiyo huligawa kundi, wengine wakaenda na wengine wakabaki. Jadilini hilo kabla hamjatoka nyumbani.

Samoa bahari yake ni nzuri, lakini kinachokumbukwa ni nchi yenyewe. To Sua ni shimo kubwa la maji ya bahari lililozungukwa na bustani; unashuka kwa ngazi ndefu ya mbao iliyosimama karibu wima na kuogelea chini, anga ikiwa duara juu yako. Savai'i kuna matundu ya Taga, ambako wimbi hupenya chini ya mwamba na kurushwa juu kwa kishindo; wenyeji hutupa nazi tunduni na kuitazama ikiruka. Kuna pia Saleaula, kijiji kilichofunikwa na zaha ya mlima Matavanu kati ya 1905 na 1911.

Chakula

Hapa mpishi wa kundi hatajisikia mgeni. Majimbi, mihogo, mashelisheli, ndizi, samaki na tui la nazi viko kote. Samaki mbichi aliyelainishwa kwa limau na kutiwa tui ni kokoda Fiji, oka Samoa, ika mata Rarotonga, na kila nchi itawaambia wengine wameiga.

Kwa anayekula halali, Fiji ndiyo yenye unafuu. Wahindi walioletwa kufanya kazi za mkataba kwenye mashamba ya miwa, kuanzia 1879 hadi 1916, wameacha roti, mchuzi wa bizari na jamii ya Waislamu. Nyama na kuku wa halali hupatikana mijini bila kuhangaika. Visiwani waambie jikoni mapema. Samoa, mlo wa Jumapili hutoka kwenye umu, mawe ya moto juu ya ardhi, na nguruwe ana heshima yake pale. Asiyemla ana samaki na palusami, majani machanga ya majimbi yaliyopikwa kwa tui. Aulize tu kama hayakutiwa nyama ya kopo. Rarotonga mnajipikia, na soko la Punanga Nui, Avarua, Jumamosi asubuhi ndipo pa kununulia mboga, samaki na matunda ya wiki.

Desturi na Jumapili

Samoa ina masharti mengi zaidi, na kundi la watu wenye kelele lifikirie hapa. Jioni, kiasi cha saa kumi na mbili hadi saa moja, vijiji vingi hushika sala. Kengele au baragumu la kombe likilia, usipite katikati ya kijiji hadi limalizike. Jumapili maduka hufungwa, na baadhi ya fukwe hazitaki waogeleaji. Nguo za kuogelea ni za ufukweni tu. Mkiiheshimu Jumapili mtapata nyimbo za kanisani na pengine mwaliko wa chakula, mkiipuuza mtaambiwa.

Fiji, mkizuru kijiji, mnakwenda na mizizi ya yaqona mliyonunua sokoni na kumkabidhi mwenye kijiji; ndiyo hodi yenu. Mtakaribishwa kava, kinywaji cha mizizi hiyo, kwenye kifuu: unapiga kofi moja, unasema "bula", unakunywa kwa mkupuo, mnapiga makofi matatu. Haina pombe, ila hutia ganzi ulimi. Kofia na miwani ya jua vueni, mabega yafunikwe. Kanga au kitenge cha kujifunga kiunoni kinatosha kote visiwani humu, kwa wanaume pia.

Rarotonga hawana masharti mengi. Jumapili imetulia, kanisani wageni hukaribishwa, basi.

Nani aende wapi

Kama ndiyo mara ya kwanza kusafiri pamoja na hamjui mtavumiliana vipi, nyumba ya Rarotonga ina milango, na kila mtu ana basi lake. Kama mna miaka mingi pamoja, mnacheka vitu vilevile na fedha ni za kubana, fale za Samoa, na angalau usiku mbili Savai'i.

Kundi lenye wazamiaji, au lenye mifuko isiyolingana, liende Fiji. Vilevile kundi la pasipoti mchanganyiko, wengine wa Dar, wengine wa Toronto, wengine wa Muscat: Nadi ndipo penye uwezekano mkubwa wa kukutana wote bila mmoja kukwama kwenye viza ya kupita. Mkiwa na wiki mbili, unganisheni Fiji na Samoa kwa ile ndege ya Nadi na Apia, mkianza Yasawa na kumalizia kwenye fale, maana baada ya kuhamahama na boti mtataka kukaa mahali pamoja.

Mwenye kazi ya kufanya mtandaoni asipelekwe Yasawa. Akae Rarotonga, na bado aulize mwenye nyumba kuhusu intaneti kabla ya kulipa.

Na wenye Desemba tu: chagueni mahali penye paa imara na la kufanya mvua ikinyesha. Hapo fale isiyo na kuta inatoka kwenye orodha, boti za Yasawa zinaweza kusitishwa bahari ikichafuka, na nyumba yenye jiko Rarotonga, au hoteli ya Viti Levu, kisiwa kikuu cha Fiji, iliyo karibu na uwanja wa Nadi, inapanda. Tiketi iwe ya kubadilishika, na bima isomwe pale inapotaja vimbunga.